Diski Iliyokuwa Ikijaa Kasese

Ukifika Bwera siku ya soko, usimuulize mtu studio yangu iko wapi. Simama barabarani usikilize. Ile sauti inayotoka kwenye spika, inayomkaripia jambazi wa Kichina kwa Kiswahili na kumwapia kwamba leo hataonja tena bundu, ule ugali wa muhogo wa mama yake, ni yangu.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Naingia kwenye chumba cha nyuma nilichokizungushia magodoro ukutani ili pikipiki za nje zisisikike, nafunga mlango, filamu inacheza mbele yangu, na mimi naongea juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Siandiki kitu. Akiongea mwanamke naongea kama mwanamke. Bomu likilipuka nawaambia watu limelipuka, wasije wakadhani ni radi ya mlimani kwetu. Nikimaliza, filamu inaingia kwenye diski, na wenye vibanda vya sinema wanakuja na flashi zao kuichukua: wa hapa kwetu, wa kambi ya jeshi, na Wakongo wanaovuka daraja kutoka upande wa Beni na Butembo. Shule niliachia darasa la nne. Kiingereza nilijifunza kwa kutazama midomo ya watu wanaopigana. Walionipita darasani wako Kitswamba mpaka leo, na kahawa yangu iko hukohuko Kitswamba, na wanaoipalilia ni wao hao.

Diski yenyewe ni kile kisanduku cheusi cha kuchomeka kwa waya, kidogo kuliko kitabu cha nyimbo za kanisani. Humo ndimo ilimo kazi yangu yote. Soko la Bwera ni Jumanne na Ijumaa, na siku hizo diski iko nami. Jumatano na Alhamisi inakaa Kasese kwenye duka la mke wangu, naye anawapakia wateja wa mjini filamu mpya, mimi nikiwa shambani. Ijumaa asubuhi naichukua nyumbani Rukoki, naifungia kifuani ndani ya koti, napanda pikipiki yangu, napita Muhokya, nakata kulia Kikorongo, na kabla jua halijawa kali niko Bwera nafungua.

Mke wangu ni mtoto wa kambi. Baba yake alikuwa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, na yeye kazaliwa kambi hii, kasomea kambi ile, mpaka Kiswahili chake kikawa cha amri. Hata mimi ananiita afande. Afande, chakula tayari. Afande, vua viatu hapo hapo. Nilimwoa akiwa mzuri na bado ni mzuri. Wanaume wa Kasese wana macho, na mimi pia ninayo, kwa hiyo wao wakimtazama yeye, mimi nawatazama wao.

Kisha akaja yule fundi. Alivuka na watu waliokimbia vita kule Kongo, Mkatoliki, anapiga kinanda kwenye kwaya, shati limepigwa pasi hata siku ya kazi. Akaomba meza yake ya kutengenezea kompyuta ikae barazani kwa duka la mke wangu, na mke wangu akakubali kabla hajaniuliza. Mikono yake ilikuwa midogo na safi. Mimi aliniita patron, yaani bosi, mke wangu alimwita madame. Lakini patron alilisema haraka, kama mtu anayetema mbegu ya pera. Madame alilisema polepole.

Hilo nililisikia tangu siku ya kwanza.

Basi Ijumaa moja nimemaliza kutafsiri filamu, nimekunywa maji, nabonyeza iingie kwenye diski, kompyuta ikagoma. Nafasi haitoshi. Nikafungua pale panapoonyesha diski imejaa kiasi gani. Ule mstari ambao Jumanne ulikuwa wa buluu na weupe mkubwa mbele yake, sasa ulikuwa mwekundu hadi mwisho.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilifanya kazi. Nikamwaga kapu la taka la kompyuta, kwa sababu vitu unavyofuta huwa vinakaa humo vikikungoja. Halikuwa na kitu cha maana. Nikafuta filamu za Kihindi za zamani ambazo hakuna tena anayeziomba, za wale wapenzi wanaokimbizana kwenye maua. Nafasi ikapatikana, filamu yangu ikaingia, siku ikaisha. Ijumaa iliyofuata, mstari mwekundu tena.

Jirani yangu anayeuza simu akaja, akaigeuzageuza diski, akasema ni feki, za feki zinadanganya ukubwa wake. Nikamwambia diski hii niliinunua Kampala kwa macho yangu mwenyewe, na mimi sinunui feki, feki wananunua wale wanaoziuza. Akaenda. Nikafikiri ni virusi, maana flashi za sokoni zinaingia kwangu na virusi kama mbuzi na viroboto. Nikasafisha diski nzima, ikachukua nusu ya siku, wateja wakinung'unika. Virusi vilikuwepo, nikaviua. Nafasi haikurudi.

Ndipo nikafanya jambo ambalo hata waliosoma hawalifikirii. Nikaziteua folda zote kwenye diski, zote kwa pamoja, nikaiuliza kompyuta zina uzito gani. Hazikufika hata nusu ya diski. Kisha nikaiuliza diski yenyewe imebeba kiasi gani. Imejaa. Sasa fikiri: gunia limejaa, unatoa kila kitu unakiona nusu, unalinyanyua tena, bado zito. Kuna kitu ndani ya gunia ambacho jicho halikioni.

Nikaanza kuitazama kabla ya kuitoa mkononi. Inaondoka Bwera ina nafasi. Inalala Rukoki, asubuhi nafasi ni ileile. Ikiwa nami haipungui hata kidogo. Inaenda Kasese kwa mke wangu, inarudi imejaa.

Kosa langu ni kwamba hilo nililisema kwa sauti, na pale studio Bwera palikuwa na koplo mmoja wa kambini na wenzake, wanangoja flashi zao.

"Mzee," akasema koplo, "hii diski inaenda Kasese na nafasi?"

"Na nafasi."

"Inarudi imejaa?"

"Imejaa."

"Na wewe mwenyewe hujaweka kitu?"

"Sijaweka."

Akawageukia wenzake, uso wake mzito kama anatoa ripoti. "Basi mzee usiifungue. Ingoje, itazaa yenyewe."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. Na mimi nilicheka, kwa sababu mfanyabiashara hucheka na mteja. Lakini walipoondoka nikapiga simu Kasese.

"Nani anashika diski yangu huko?"

"Mimi, afande."

"Wewe na nani?"

"Mimi na vidole vyangu."

"Na huyo Mkongo?"

"Huyo ana diski zake. Mbona unapumua hivyo? Umekimbia?"

Sikuwa nimekimbia. Nilikuwa namwona yule mtu na shati lake la pasi, ameinama juu ya kompyuta yangu, kwenye kiti changu, anaingiza vitu vyake ndani ya kitu changu, na mke wangu amesimama nyuma ya bega lake anatazama. Niliwaza picha. Niliwaza picha za namna gani. Jumanne iliyofuata nilitafsiri filamu ya mapenzi, na watu wa kibanda waliniambia baadaye kwamba mbona kila mwanaume kwenye filamu ile nimemfanya mwizi.

Ijumaa iliyofuata diski ikarudi nyekundu. Filamu mpya ilikuwa kwenye flashi inangoja, ya vita, kubwa, watu wa vibanda nimeshawaahidi na wako mlangoni. Sikumwita fundi yeyote. Mafundi wanajuana, na aibu ya mtu wanaigawana kama sigara. Nikaingia mwenyewe kwenye vile vichupo vya juu ya dirisha, nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, nikisoma Kiingereza polepole, mpaka nikafika mahali palipoandikwa neno la vitu vilivyofichwa. Neno hilo nalijua vizuri sana. Katika filamu zangu, dhahabu yote huwa imefichwa. Pembeni yake palikuwa na kisanduku kitupu. Nikaweka alama.

Folda moja ikatokea ambayo haikuwepo. Ilikuwa imefifia, kama shati lililofuliwa mara nyingi. Jina lake: JIKONI.

Hapa niwaeleze wasio Wakonzo. Kwetu mwanaume haingii jikoni kufunua sufuria. Anaweza kuwa na njaa ya kufa, atakaa nje aite. Mwanaume aliyekutwa na kifuniko mkononi, jambo hilo litasemwa hata siku ya mazishi yake. Mke wangu si Mkonzo, lakini amekaa kwetu vya kutosha kujua ni mlango gani mume wake hawezi kuusukuma. Kwanza aliificha folda. Kisha, endapo nitaiona, akaipa jina ambalo litanifanya nipite. Na ujanja ule ulikuwa mzuri, maana mkono wangu ulisita kweli juu ya kipanya.

Nikafunua.

Sikukuta picha. Nilikuta filamu, nyingi, na zote nilizijua. Zilikuwa filamu zangu, zilezile nilizotafsiri mimi, zimewekwa mara ya pili, na ndiyo maana zilikula nafasi kiasi kile. Nikafungua moja. Kwa haraka niliyokuwa nayo nikasahau kwamba kompyuta imeunganishwa na spika za barabarani.

Kwenye kioo alikuwa yule jenerali wa Kimarekani, ameinamia ramani. Pale mimi nilimfanya atangaze vita, na nilitangaza kweli, koo liliniuma. Sasa jenerali akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mke wangu.

"Nani amekula sukari ya mesi? Mstari mmoja! Wewe mrefu, ingiza tumbo! Nauliza mara ya mwisho, na mara ya mwisho imeshapita!"

Mlango ukafunguka kwenye filamu, akaingia mke wa jenerali na gauni lake refu. "Afande, mkaa umekwisha nyumbani, na wewe uko hapa unachora mito?"

Na jenerali, kwa sauti ndogo kabisa: "Mama, nachora njia ya kwenda kuununua."

Kisha nyuma ya maneno hayo, mbali kidogo na maiki, mwanaume akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, cha mtu anayejizuia na anashindwa. Nilikijua kicheko kile. Nilishakisikia barazani.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikiwa kwenye hali hiyo nikasikia kicheko kingine, kikubwa, na hicho hakikutoka kwenye kompyuta. Barabara nzima ilikuwa inacheka. Watu wamesimama na ndizi vichwani. Mwenye pikipiki amezima injini. Mama mmoja wa Butembo anayeuza vitenge akaingiza kichwa mlangoni.

"Patron, uyu mama njo nani? Utupatie ile."

"Ni majaribio tu. Kuna filamu mpya inakuja, ya vita, nitaitafsiri sasa hivi."

"Ya kwako tunaisikiaka kila soko," akasema. "Utupatie ya uyu mama."

Nikachomoa waya wa spika.

Nilikaa pale na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Kubonyeza mara moja tu, na nafasi yote ingerudi, filamu ya vita ingeingia, watu wa vibanda wangepata chao, na kicheko kile kingekufa. Sikubonyeza. Ningefuta, ningemuuliza nini mke wangu? Ushahidi ulikuwa humo. Na lingine niliseme tu: nilitaka kujua yule mrefu wa sukari aliishia wapi.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa sauti. Ni kwamba nyumbani kwangu maneno yale sikuwahi kuyasikia. Nyumbani nasikia vua viatu. Kumbe mke wangu ana maneno ya kuangusha barabara nzima, na alikuwa anayapeleka mahali pengine, na kuna mwanaume ameketi pale anayapokea kwa pua yake.

Nikawaambia watu wa vibanda warudi Jumanne. Nikafunga studio siku ya soko, jambo ambalo Bwera haikuwahi kuliona, hata nilipougua malaria sikufunga. Nikaweka diski kifuani nikapanda pikipiki.

Kasese nilifika jua likiwa utosini. Mke wangu alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya kaunta, anampakia mke wa mwanajeshi mmoja nyimbo kwenye flashi. Fundi alikuwa barazani na bisibisi yake. Mke wangu akaniona nashuka.

"Afande! Leo si Ijumaa?"

"Ni Ijumaa."

"Soko limekufa?"

Niliweka diski juu ya kaunta. "Nimefunua jikoni."

Akaitazama diski, akanitazama mimi. Nilitegemea ashtuke, ashike kichwa, aanze kulia. Akasema, "Umekuta nini? Nyama au maharage?"

"Nimekuta mwanaume."

Mke wa mwanajeshi akachukua flashi yake haraka. Nikadhani anaondoka. Akavuta kiti, akakaa.

Fundi alisimama, bisibisi mkononi, akaiona akaiweka chini. "Patron, usikasirike. Miye niko mutu ya kufunga micro tu. Sauti iko ya madame."

"Na kicheko?"

Akatazama viatu vyake. "Kicheko iko yangu. Ile nilishindwa kuizuia, patron. Utanisamehe."

"Na nani alimfundisha kuficha folda?"

"Ni miye. Aliniuliza, nikamuonyesha."

"Usimhoji huyo," mke wangu akasema. "Nihoji mimi. Mimi ndiye mwenye sufuria."

"Kati yako na huyu kuna nini?"

"Kuna maiki."

"Usinichekeshe."

"Nikuchekeshe lini? Umeshawahi kucheka?" Sasa alikuwa amesimama, na amesimama kama baba yake. "Tunarekodi hapo nyuma ya pazia. Mlango hakuna. Duka lote liko upande huu. Muulize huyu mama tulikuwa tunafanya nini."

Mke wa mwanajeshi alikuwa akingoja kuulizwa. "Mzee, sisi tunajaa hapa mpaka barazani. Tunakaa kwenye sakafu tunamsikiliza akiwa ndani. Wengine tunaleta watoto. Siku ya sukari ya mesi mimi nilijikojolea, na sijali nani ananisikia."

"Kwa hiyo kambi nzima inajua."

"Kambi nzima inajua," mke wangu akasema.

"Isipokuwa mimi."

"Ningekuambia ungesemaje? Ungesema mtafsiri ni mmoja. Ungesema diski imejaa." Akashusha sauti. Hapo ndipo niliposhindwa, maana akipiga kelele najua la kufanya. "Afande, ukiingia nyumbani filamu haijaisha. Umeshamuua jambazi Bwera, unakuja kumuua tena mezani, na kesho asubuhi unamuua kwenye chai. Mimi neno langu niliweke wapi? Nilitafuta nafasi kila mahali. Nikaiona diskini."

Niliamini kwamba hakuna lingine kati yao. Niliamini kwa sababu ya yule mama anayekaa sakafuni kumsikiliza, na kwa sababu mke wangu hajui kusema uongo taratibu. Lakini wivu hauondoki kwa kuamini. Kama fundi angekuwa ameninyang'anya mke, ningempiga, yangeisha. Alichochukua ni kile kicheko. Yeye ndiye aliyekuwepo mke wangu alipochekesha kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa kwenye kahawa.

"Hakuna kufuta," nikasema mwishowe.

"Nani alisema kufuta?" akauliza mke wa mwanajeshi. "Mzee, ukifuta mimi napeleka flashi yangu Muhokya."

"Muhokya kuna nini?"

"Muhokya hakuna kitu. Lakini nitaenda."

"Nimesema hakuna kufuta. Ila kicheko kitoke." Nikamgeukia fundi. "Wewe ni fundi. Kitoe. Acha sauti ya mke wangu, ondoa yako."

Akatikisa kichwa, na nadhani alisikitika kweli. "Patron, haiwezekane. Micro ilikuwa moja. Sauti ya madame na kicheko vimeshikana. Ukikata kimoja, unakata na kingine."

Vimeshikana. Angetafuta neno lingine.

"Basi zitarekodiwa upya," nikasema. "Zote. Na kwenye kile chumba nitakaa mimi. Wewe utakaa hapa barazani na nyaya zako."

"Wewe?" mke wangu akasema. "Utakaa kimya?"

"Nitakaa kimya."

"Hujawahi."

Niliponunua diski ya pili, iwe yake, nilinunua kubwa kuliko yangu, ili isije ikasemwa sokoni kwamba namnyima. Na Jumatano sasa siendi shambani. Nakaa nyuma ya pazia kwenye kigoda kidogo, yeye yuko mbele ya maiki, filamu inacheza, na namtazama mgongo. Nianze kwa kusema ukweli kwamba anafanya vizuri. Hafanyi kama mimi. Mimi nawapa watu vita, yeye anawapa nyumba ya mtu anayetoka vitani. Anamfanya jasusi wa Kirusi aombe chumvi kwa jirani. Mara ya kwanza alipofanya hivyo nilicheka, na kicheko changu kina ukubwa wa mwili wangu. Akasimamisha kila kitu.

"Afande, umeua maneno. Tuanze tena."

Tukaanza tena. Nikacheka tena palepale, ingawa nilijua linakuja. Mara ya tatu nikajaza kofia mdomoni, kikapenya hivyohivyo, naye akakiacha. Nje ya pazia wale wanawake walimsikia anavyonigombeza, wakacheka kuliko walivyocheka kwa filamu. Fundi yuko barazani na visikilizio masikioni, anaangalia sauti isipasuke, na mabega yake yanatikisika. Namwona kupitia upenyo wa pazia. Kucheka huko nje siwezi kumkataza. Lakini kwenye filamu hayumo tena.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Filamu mpya zilipotoka, wake za wanajeshi walizichukua, wakazisikiliza, wakarudi. Mmoja akamwambia mke wangu, mimi nikiwa hapo hapo, kwamba huyu wa sasa anacheka kama mtu anayegonga geti, tunaomba zile za zamani, za yule wa puani. Mke wangu akaniangalia kwa pembe ya jicho. Akawapakia za zamani. Kumkataza ningeweza, kaunta ni yangu, lakini tulishasema hakuna kufuta na mimi neno langu silirudishi.

Zile za zamani zimeshavuka daraja. Ziko Beni, ziko Butembo, ziko kwenye simu za watu ambao sitawahi kuwaona. Siku za soko Bwera niko mlangoni kwangu, spika zangu zinanguruma, na mtu anapita na simu mfukoni, na kwenye simu ile mke wangu anauliza nani amekula sukari, na baada yake kile kicheko. Kila nikikisikia naongeza sauti ya spika. Nimezoea vitu vingi maishani mwangu, hiki sijakizoea.

Soko lililopita alikuja mwenye kibanda mmoja kutoka ng'ambo, mteja mgeni, mtu wa heshima mwenye koti. Alikuja kutafuta filamu za huyu mama, na watu walikuwa wamemwelekeza kwamba bwana wake ndiye mwenye studio hii. Nikampakia alizotaka. Alipokuwa anangoja alifungua simu yake anionyeshe ni zipi anazo tayari, akasikiliza kidogo, akatabasamu.

"Uyu mwenye anacheka hapa nyuma," akasema, "njo bwana yake?"

Fundi alikuwa Kasese. Mke wangu alikuwa Kasese. Kicheko kikaja tena kwenye simu, kifupi, cha mtu anayeshindwa kujizuia kwa ajili ya mwanamke aliye mbele yake.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni bwana yake. Ni mimi."